Kiyoyozi cha Gereji ya Mwalimu Awiti

Jumamosi moja ya Februari, muda mfupi baada ya saa saba mchana, ghorofa ya juu ya keki ya harusi iliteleza polepole, ikapita ghorofa ya chini bila kugusa waridi hata moja, ikatua mezani kwa ubavu. Kaluki, aliyeioka, aliitazama ikishuka mpaka ikafika. Hakupiga kelele. Alilamba kisu cha kupakia aisingi, akakiweka chini, akaenda kufungua mlango wa gereji, ambao ulikuwa wazi tangu asubuhi.

Bibi harusi alipelekewa keki ya ghorofa moja, akaambiwa hiyo ndiyo fasheni ya mwaka huu. Alifurahi sana. Kaluki hakufurahi hata kidogo, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kuoka keki ya ghorofa moja.

Gereji ilikuwa ya nyumba ya Mwalimu Awiti, kule Riruta, karibu na pale Riruta inapokwisha na Kawangware kuanza, ingawa ukimuuliza mtu wa Riruta mpaka uko wapi atakuonyesha mahali mbali kabisa na kwake. Marehemu mume wa Mwalimu aliijenga kwa mawe ya kuchonga, akaiezeka mabati, akaitia mlango mzito wa chuma, yote hayo kwa ajili ya gari ambalo alikuwa karibu kulinunua. Gari halikufika. Mwalimu alipostaafu alimpangisha Kaluki ile gereji kwa sharti moja tu, kwamba kuta zisitobolewe.

"Hii ni kazi ya mikono ya bwana yangu," alisema. "Ukipiga hata msumari, hama."

Dirisha halikuwepo, maana gari halina haja ya kuchungulia nje. Mlango ulitazama magharibi, oveni ya gesi ilikuwa ndani, na jua likishatoka juu ya paa na kuanza kushuka upande ule, mle ndani hapakukalika. Siagi ililegea. Mawaridi ya sukari yaliinamisha vichwa.

Na tusidanganyane: kutoka mtaa wa Congo, pale Kawangware, mpaka ule wa Kianda hakukuwa na wa kumfikia Kaluki kwa keki. Wapo waliosema kuna mama mmoja wa mtaa wa Satellite, lakini hao ni watu ambao hawajaonja keki ya Kaluki. Shida haikuwa mkono wake. Shida ilikuwa joto, na kwa ajili ya joto alikuwa akikataa harusi zote kubwa kuanzia Januari mpaka mvua zinyeshe, miezi ile ile ambayo watu wa Nairobi wameamua kuoana.

Kukataa harusi kulimuuma, lakini kilichomnyima raha hasa kilikuwa kingine. Binti yake, Kamene, alifanya kazi kwenye chumba cha baridi cha kampuni moja ya maua, njia ya kuelekea uwanja wa ndege. Kila siku alitoka nyumbani kwao Congo amevaa sweta mbili na leso kiunoni chini ya suruali, akarudi na midomo ya kijivu. Kaluki alitaka atoke huko. Kama gereji ingepoa, harusi zingekubalika, na kama harusi zingekubalika, kungekuwa na kazi ya watu wawili. Pale nyumbani jambo lilikuwa limeshafupishwa, na Kaluki alilisema akisonga ugali, akalisema akikunja nguo: "Kiyoyozi kikiingia, Kamene anatoka."

Kamene aliipata kazi hiyo kwa baba yake. Baba huyo, Mutinda, alikuwa amefanya kazi katika chumba kile miaka mingi, akipanga maboksi ya waridi yanayosafiri kwenda Ulaya. Zamu nzima ilikuwa na makoti matatu, watu wakipokezana, na aliyekosa alijipigapiga mabega na kuendelea. Mutinda alijivunia kwamba hakuwa mtu wa kugombania koti. Aliweza kukuambia, bila wewe kumuuliza, kwamba hakuna bibi harusi kule ng'ambo aliyeshika waridi ambalo halijapita mikononi mwake.

Basi asubuhi moja askari wa getini alimwelekezea ile bunduki ya kupimia joto, waliyoanza kuitumia wakati wa korona na hawakuiacha tena, nayo haikutoa namba. Ilitoa vistari viwili.

"Mzee, husomeki," askari akamwambia.

Sheria ya kampuni ilisema asiyesomeka haingii. Mutinda alirudishwa nyumbani akapate joto. Aliketi juani nyuma ya ploti, zile nyumba za kupanga walikoishi, wiki nzima, akarudi, ikatoa vistari vile vile. Kampuni ikamwambia apumzike, na kwa kuwa alikuwa mfanyakazi mzuri, ikakubali binti yake achukue nafasi yake. Mutinda alishukuru.

Baridi ile ilikaa naye. Kaluki alilala na sweta na soksi, na alijua mumewe ni baridi kama wake wengine wanavyojua waume zao wanakoroma. Majirani wa ploti walileta maziwa jioni, wakayaweka chini ya kitanda cha Mutinda, asubuhi wakaja kuyachukua yakiwa mazima, hayajachacha. Hakuna aliyeona ajabu. Hakuna pia aliyefikiria lolote zaidi, kwa sababu maziwa ni maziwa na biashara ni biashara, na Kaluki alikuwa ameshaamua kwamba biashara yake inahitaji mashine, yenye swichi, ambayo mteja akiingia ataiona.

Walikwenda kuitafuta kwa Osewe, Mjaluo mmoja mwembamba anayeuza friji na mashine za mtumba kando ya barabara pale Kawangware. Mutinda alifuatana na mkewe, kwa kuwa, ingawa keki ni mambo ya akina mama na hakuwahi kukanyaga ile gereji, mashine ni mambo ya wanaume.

"Niaje mzee, niaje mathe," Osewe alisema. "Mnacheki nini?"

"AC," alisema Kaluki. "Ya gereji."

"Gereji ya magari?"

"Ya keki."

Osewe hakushtuka. Alishawahi kumuuzia pasta mmoja friji ya kuwekea viatu.

"Iko hii ya split," alisema. "Nusu inakaa ndani, nusu inakaa nje. Hii ndiyo poa kabisa. Tunatoboa ukuta tu."

"Kutoboa hapana."

"Basi ya dirisha."

"Dirisha hakuna."

"Mathe, hiyo ni gereji ama ni kaburi?" Osewe alicheka peke yake, akasogea kwa nyingine. "Hii sasa ni ya maji. Unajaza maji hapa, inapuliza. Hata haili stima."

Kaluki aliinama, akaichunguza mdomo wake. "Hewa yake inatoka na maji?"

"Kidogo tu."

"Hiyo kidogo itafanya aisingi itoe jasho. Weka kando."

Mutinda alikuwa akizunguka dukani akigonga mashine kwa kifundo cha kidole, moja baada ya nyingine. Alisimama mbele ya nyeupe moja yenye magurudumu na bomba nene nyuma. "Hii ni chuma," alisema. Ilikuwa plastiki. Osewe, ambaye ni mfanyabiashara, alisema mzee ana jicho.

Akawaeleza: hii ilitoka Uingereza, haitobolewi ukuta, bomba linapitishwa chini ya mlango likatoe joto nje. Akauliza gereji ina upana gani, oveni iko ndani au nje, watu wangapi watafanya kazi humo. Kaluki alisema ni yeye, na binti yake akishakuja. Alisema hilo la binti kwa sauti ya juu kidogo. Osewe akapiga hesabu kichwani, akafunga zipu ya jaketi lake mpaka shingoni, akasema ina nguvu ya kutosha, na kwamba angewapa waijaribu kwanza.

Ilisafirishwa kwa mkokoteni. Kaluki alitembea mbele yake katikati ya barabara, kichwa juu, na alipoulizwa ni nini hicho alijibu bila kupunguza mwendo. Mpaka wanafika Riruta, hakukuwa na mtu kando ya njia ile ambaye hajui kwamba Mama Kamene amechukua kiyoyozi. Mwalimu Awiti alitoa kiti chake akaketi ndani ya gereji, alinde kuta za marehemu.

Mutinda aliisukuma mashine mwenyewe hadi ndani, karibu na meza, akasimama kando yake na mkono juu, kama mtu anayepigwa picha na fahali wake. Osewe alipitisha bomba. Mlango ukafungwa.

Baada ya muda Mwalimu aliomba aletewe sweta. Siagi iliyokuwa imelegea kwenye bakuli ilishikana. Kaluki alichukua mfuko wa aisingi, akaminya waridi moja juu ya ubao, likasimama. Akaminya la pili na la tatu, yakasimama. Machozi yalimtoka, naye hakuona haya kuyafuta mbele za watu, maana hakuwahi kuona waridi lake likisimama mwezi wa Februari.

"Mashine ni mashine," alisema Mutinda.

"Mathe," alisema Osewe. Alikuwa ameinua plagi, bado imefungwa na uzi wake wa dukani. "Hii hatujawasha."

Waliitazama plagi. Kisha wakamtazama Mutinda. Osewe alimwomba atoke nje kidogo, wakafunga mlango, na joto likarudi, mawaridi yakaanza kuinama. Akamwomba aingie, yakakoma. Kwa kuwa ni mtu anayeiheshimu kazi yake, Osewe alirudia jaribio hilo mpaka akaridhika. Halafu akavuta bomba lake, akalikunja.

"Mathe, siwezi kukuuzia hii. Uko na yako, na ni kubwa kushinda hii."

Kaluki alimgeukia mumewe, lakini Mutinda alikuwa ameshafika getini.

Kwa siku kadhaa hakusema neno nyumbani isipokuwa moja. "Mimi ni mtu, Mama Kamene," alisema. "Si friji." Kaluki hakumsihi. Alipakua chakula, akamwekea maji ya kunawa, akasema tena lile alilokuwa akilisema siku zote, safari hii bila hata kumtazama: "Kiyoyozi kikiingia, Kamene anatoka."

Mutinda alikuwa mtu wa majivuno, lakini majivuno yake makubwa yalikuwa Kamene. Asubuhi moja alimwona akiketi kitandani na kuvuta sweta ya pili juu ya ile ya kwanza, kichwa kikakwama kwenye shingo ya sweta, akabaki hivyo akipumzika mle ndani kabla ya kukitoa. Alipokwisha kwenda, Mutinda alioga, akavaa suti aliyoolea, akafunga tai, akapiga viatu rangi. Akabeba kiti cha mbao chenye mikono, akakipeleka Riruta begani.

"Nitakaa," alimwambia mkewe mlangoni. "Lakini nitakaa na suti. Anayeingia anisalimie kwanza kabla ya kuangalia keki. Na nisisikie mtu akisema eti niwashwe au nizimwe."

"Na Jumapili?"

"Jumapili naenda kanisani. Wapoe wenyewe."

Hivyo ndivyo gereji ya Mwalimu Awiti ilivyopoa. Mutinda aliketi katikati, mguu juu ya mguu, akisoma gazeti, na Kaluki akafanya kazi akimzunguka. Mwanzoni aliona haya. Halafu akaanza kuona jinsi mkewe anavyofanya kazi, jambo ambalo kwa miaka yote ya ndoa hakuwa amelishuhudia: jinsi anavyoshika keki kwa viganja vya mikono bila kuacha alama, jinsi anavyozuia pumzi akiweka waridi la mwisho. Aliliweka gazeti chini. Jioni, wakitembea kurudi Congo, alimwambia, "Kumbe unajua kazi," na Kaluki akajibu, "Kumbe." Walitembea wakiwa wamefurahi wote wawili.

Harusi zikaja. Ghorofa tatu, ghorofa tano, moja ya Kianda yenye ngazi na daraja na njiwa wa sukari. Kwa ile ya Kianda, Mutinda alipanda gari la keki, akaketi nayo kwenye meza kuu mpaka ikakatwa, na mshereheshaji alimtambulisha baada ya wazazi na kabla ya mchungaji. Maharusi walipiga picha naye. Hakutabasamu katika picha hata moja, maana aliona kazi ile ni nzito. Kule Congo watu waliokuwa wakisema wanakaa "hapo karibu na Riruta" wakaanza kusema wanakaa Congo, ploti moja na mzee wa baridi. Akina mama wa kanisa walimwombea baridi isipungue. Mwalimu Awiti alisema marehemu angefurahi, kwa kuwa hatimaye gereji yake imepata kitu cha maana cha kuegeshwa humo.

Kaluki alinunua oveni ya pili. Akamwambia Kamene mwisho wa mwezi uwe wa mwisho. Kamene alisema, "Sawa, mum."

Picha za maharusi zilizunguka kwenye simu za watu, na mojawapo ikafika kwenye kampuni ya maua.

Walikuja wawili kwa gari la kampuni. Mwanamke alikuwa Madam Maggie, anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi. Mwanamume alikuwa Musyoka, fundi wa mitambo ya chumba cha baridi, aliyemfahamu Mutinda na akamsalimia kwa Kikamba. Kabla ya kuingia gereji walifungua buti, wakatoa makoti mawili manene ya rangi ya chungwa yenye kofia za manyoya, wakayavaa, wakafunga vifungo vyote.

"Wewe ndiye Mutinda," alisema Maggie.

"Hujanisalimia."

Maggie alimsalimia. "Unajua mbona tumekuja?"

"Mnataka keki."

"Mzee, hii baridi ni ya kampuni. Ulitoka nayo bila gate pass, bila karatasi ya getini."

Mutinda alifikiri. "Walinisachi getini kila jioni," alisema.

"Walikuwa wanasachi mifuko."

Mwalimu Awiti, ambaye siku hizo alikuwa akishinda mle ndani na blanketi magotini, aliinua kichwa. "Mimi nimetoka shuleni na chaki kifuani, miaka yote hiyo nikifuta ubao. Hakuna aliyekuja kudai chaki yake."

Maggie alilipima jambo hilo kwanza. "Chaki ni tofauti," alisema.

Akaeleza kwamba kampuni haina nia mbaya. Stima hupotea mara kwa mara, jenereta inakula dizeli, na Mutinda angeweza kurudi akakaa katika chumba kile stima inapopotea, mpaka irudi.

"Nikiwa nimeandikwa kazi?"

"Utaandikwa kwenye orodha ya vifaa."

"Na kitambulisho?"

"Stika," alisema Maggie, akaitoa mkobani. Ilikuwa ndogo, ya fedha, yenye namba, kama zile zinazobandikwa kwenye madawati ya ofisi. Aliibandika kwenye ukosi wa suti ya Mutinda. Gundi haikushika kwa ile baridi. Stika ilianguka sakafuni, Kaluki akaifagia pamoja na maganda ya mayai.

Mutinda hakuwa ameitazama. Alikuwa akitazama koti. Alitazama kofia yake, zipu yake, mikono yake mirefu yenye lastiki pale kwenye kifundo ili upepo usipite. Lilikuwa jipya, mistari ya kukunjwa bado inaonekana.

"Hayo makoti yametoka wapi?"

"Stoo," alisema Maggie.

"Stoo gani?"

"Yetu. Ni ya wageni. Wanunuzi wakitoka ng'ambo wanapenda kuona chumba cha baridi."

"Yako mangapi?"

Maggie alisema hajui. Musyoka, aliyekuwa akitazama miguu yake, alijibu kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. "Yamejaa, mzee. Rafu hadi rafu. Yako hapo tangu nianze kazi."

Mutinda aliona uchungu. Miaka yote ile alidhani makoti ni matatu kwa kuwa dunia imetoa matatu. Alikuwa amejivunia kutoyagombania. Alikuwa amesimulia watu jinsi alivyovumilia, na kumbe upande wa pili wa ukuta kulikuwa na joto la kumtosha yeye na zamu nzima, limekunjwa, linangoja mgeni. Joto la gereji lilishuka zaidi, mpaka maji yaliyokuwa kwenye ndoo yakaota ngozi ya barafu juu yake.

"Sirudi," alisema.

"Tutaandika kwamba umekataa kurudisha mali," alisema Maggie, si kwa ubaya.

"Andika. Na kama unaweza kuitoa, itoe uende nayo."

Maggie alimtazama Musyoka. Musyoka alisema hajui itolewe wapi. Basi walisimama kidogo, na kwa kuwa walikuwa wageni Kaluki akawakatia keki ya limau kila mmoja, wakala, wakasema ni tamu sana. Nje walivua makoti, wakayakunja vizuri, wakayarudisha kwenye buti. Mutinda aliwasindikiza hadi getini na macho yake yakabaki kwenye buti mpaka gari likapotea.

Ploti nzima ilisherehekea. Watu walisema kampuni kubwa imekuja na gari lake na imeshindwa na mtu wa Congo aliyeketi kitini. Mutinda alipeana mikono, akakubali soda. Alimwambia Kaluki kwamba Kamene asingoje hata mwisho wa mwezi.

Kamene aliingia gerejini siku iliyofuata kabla ya kwenda zamu. Kila aliyekuwa mle ndani alikuwa amejitanda kitu, Mwalimu na blanketi lake, Kaluki na sweta nzito. Kamene alikuwa na blauzi nyepesi ya mikono mifupi. Alikuwa akitabasamu, na alikuwa mzuri sana, kama siku aliyomaliza shule.

"Mum, baba," alisema. "Wiki iliyopita bunduki ilikataa kunisoma."

Kaluki aliweka chini mfuko wa aisingi. "Ilikataa namna gani?"

"Vistari. Viwili tu."

"Wakakurudisha?"

"Siku hizi hawarudishi mtu. Madam Maggie alisema wasiosomeka waingie, waandikwe jina, ndio kampuni ijue baridi yake iko wapi. Tuko wengi, baba. Hata rafiki yangu Akoth ameanza, lakini yake ni kidogo, ni ya vidole." Alivuta kigoda akaketi karibu na kiti cha baba yake. "Kuna buchari Kianda wameshaniuliza. Na dada mmoja wa maduka ya dawa. Lakini bado haijakolea. Nikikaa huko mpaka Desemba itakuwa strong kama yako."

"Tumekubaliana unatoka," alisema Kaluki. "Oveni ya pili nimenunua ya nini?"

"Natoka, mum. Ikishakolea. Nikitoka sasa ni ya nini? Ya kupoesha soda mbili?"

Mutinda alimgeukia binti yake. "Koti unavaa?" aliuliza.

"Zamu yangu ya koti nimempea Akoth."

"Makoti yapo, Kamene. Yamejaa stoo, rafu hadi rafu. Musyoka ametuambia."

"Najua. Ni ya wageni." Alisema hivyo kwa upole, kama anayemweleza mtu mzima jambo la simu. "Na mimi hata wakinipea sivai. Baba, nikivaa koti, itaingiaje?"

Mwalimu Awiti alimpongeza. Mama mmoja aliyekuja kuagiza keki ya ubatizo alimpongeza pia, akamuuliza kama atakuwa tayari kwa Februari ijayo, kwa sababu duka lake lina mabati tupu. Kamene alimwambia ampigie simu. Kaluki alimtazama binti yake, akaona kiburi kile usoni mwake, akakitambua kilikotoka. Alitaka kulia na alitaka kujisifu, na kwa kuwa hakuweza kuchagua alishika tena mfuko wa aisingi, akaendelea na waridi alilokuwa ameliacha nusu.

Kamene alisimama, akamnyooshea baba yake mkono wa kumuaga. Tangu Mutinda aache kazi, mikono ya watu wote ilikuwa moto kwake, hata wa mkewe, na alikuwa amejizoeza kuishika kwa adabu na kuiachilia haraka. Huu haukuwa moto. Aliushika, akangoja uanze kumchoma, haukumchoma, akazidi kuushika mpaka Kamene akacheka na kumwambia, "Baba, niachilie, nitachelewa kazi."